Mashine ya kusaga plastiki usiku kucha: nianzie kaunti au NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira)?

Mpangaji_Magongo: Jamani, hamjambo. Napanga Magongo, Mombasa, ukuta mmoja na godauni lililokuwa la magunia. Sasa lina mashine ya kusaga chupa za plastiki. Mchana kimya, ikifika saa nne usiku ndiyo yaanza, hadi alfajiri. Vikombe vyagongana kabatini, na madirisha nimefunga yote. Msimamizi kanionyesha leseni ya biashara ya kaunti, akasema hana makosa. Chifu kaniambia nivumilie. Nianzie wapi?

Bahari_Kuu: Hiyo saa nne ina sababu. Stima ya viwandani ina bei ya nafuu kuanzia saa nne usiku. Kumbembeleza tu hakutamfanya aache.

Mzee_Jomvu: Leseni ya biashara haimpi ruhusa ya kelele. Soma Kanuni za Kelele na Mitetemo za 2009: nje ya nyumba za makazi mwisho ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kisheria waanza saa mbili. Atakwambia mtaa umechanganyika na biashara. Sawa, mchana ataongezewa hadi 55, lakini usiku ni 35 ile ile. Na kelele ni kazi ya kaunti, imo katika Jedwali la Nne la Katiba. Andikia idara ya mazingira ya kaunti, nakala NEMA, na nakala yako igongwe muhuri.

Dereva_wa_Usiku: 35? Feni yangu tu yapita hapo! Kuna vijana wanakula kwa hiyo mashine, na chupa hizo zingekuwa mitaroni. Hama ndugu yangu.

MamaTatu: Wewe Dereva usiku hulali nyumbani, utajuaje? Hakuna aliyesema kiwanda kifungwe. Dada, sisi tulishtaki karakana ya vyuma, maafisa wakaja saa tano asubuhi, mashine imezimwa, wakaandika hakuna tatizo. Kwenye barua taja saa na uombe wapime usiku, uani kwako. Programu ya simu ya kupimia kelele si ushahidi wa maana, ila daftari la tarehe na saa litakusaidia. Pia ulizia ofisi ya mipango kama godauni la kuhifadhi lilipata kibali cha kubadilisha matumizi kuwa kiwanda. Mimi ningeanza hapo hasa.

Fundi_Kompresa: Vikombe vikigongana na madirisha yamefungwa, huo ni mtetemo wa sakafuni. Mashine imefungwa bolti moja kwa moja kwenye zege. Mpira mzito chini ya miguu yake hupunguza sana, na gharama yake si kubwa. Liandike hilo kama ombi.

Mpangaji_Magongo: Shukrani. Kibali nitakiulizia Jumatatu. Ila mwenye nyumba hataki kusaini. Mpangaji anaweza kushtaki?

Mzee_Jomvu: Anaweza. Ibara ya 70 ya Katiba haidai uwe na hati ya shamba, wala uthibitishe hasara. Kaunti na NEMA wakinyamaza, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini tafuta majirani wasaini nawe, usiende peke yako.