Spika ya Bluetooth niliyounda inapiga mluzi: kapasita, transfoma au B0505S?

boksi_la_sauti: Wakuu, nimeunda spika ya Bluetooth. Kabla wimbo haujaanza nasikia mluzi mwembamba, na inapotafuta simu inatoa ti-ti-ti-ti. Jumamosi nashuka Kariakoo, hela inatosha kitu kimoja tu. Kapasita kubwa, transfoma ndogo ya sauti au B0505S, kile kidude kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5 nyingine zilizotengwa na za kuingia?

Mzee wa Solda: Amplifaya gani? Umeme unatoa wapi? Au tukupigie ramli?

boksi_la_sauti: Samahani mzee. PAM8403. Yenyewe na moduli ya Bluetooth vinakula chaja moja ya simu, volti 5.

Jongoo: Mchawi ni hiyo chaja. Weka betri.

boksi_la_sauti: Nimejaribu pawabenki, mluzi uleule.

dada_waya: Kapasita usinunue. Mimi niliweka ya maikrofaradi 1000, nikaongeza 2200, mluzi haukutikisika. Ya tatu nikaigeuza, hasi kwenye chanya. Saa nne usiku, paa! Mtoto kaamka analia, mume wangu anachungulia dirishani akidhani transfoma ya mtaa imelipuka, chumba kinanuka wiki nzima. Kumbe moduli ikiongea na simu huvuta umeme kwa kushtukashtuka, na mkondo huo unarudi kwa hasi ileile inayobeba sauti. Amplifaya inadhani nao ni muziki. Niliweka B0505S kwa moduli pekee, kimya. Ila hasi yake ya kutokea usiirudishe kwenye hasi ya chaja, utakuwa hujafanya kitu. Na amplifaya usiilishe hapo, hicho kidude ni wati 1, miliampea 200 basi.

Jongoo: Transfoma ni rahisi zaidi, unaichomeka kati ya moduli na amplifaya, umemaliza.

Mzee wa Solda: Za bei chee zinakula besi. Unabaki na redio ya mkulima.

Jongoo: Spika ya inchi 3 ina besi gani ya kuliwa, mzee?

Mzee wa Solda: Inategemea boksi. Kijana, boksi lako mbao gani?

boksi_la_sauti: Mninga, mabaki ya fundi seremala jirani.

dada_waya: Mninga! Unaunda spika au kitanda cha harusi?

Mzee wa Solda: Mwache. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ikinyeshewa inavimba kama andazi.

Jongoo: Nani anaanika spika kwenye mvua?