Bunduki ya kuwindia ya chini ya dola 500: nichukue au nijichange kwanza?

MpanganiTX

Wakuu, habari za wakati huu. Nipo Texas, nje kidogo ya Houston, makaratasi yangu ni ya kudumu. Kazini kuna mzee wa Kizungu ana shamba la ng'ombe, nguruwe pori wamemfukulia kila kona. Kanikaribisha Novemba msimu wa kulungu ukifunguliwa, ila nije na silaha yangu, ya kwake haazimishi mtu.

Nimeingia dukani, muuzaji kaniwekea mezani Savage Axis ya .308 (hiyo ndiyo saizi ya risasi), ina darubini yake juu tayari, jumla haifiki dola 500. Pembeni kulikuwa na Tikka ya Finland. Kuikoki mara moja tu nikaelewa kwa nini watu wanaisifia, lakini bei yake ndiyo hiyo tena, peke yake inamaliza hela yote. Bajeti ni dola 650, bunduki, darubini na risasi humo humo. Wife kasema ikizidi hapo nikalale nayo huko huko kwa nguruwe.

Je, hizi za bei chee zinapiga kweli au nitanunua mara mbili? Naomba wenye uzoefu wa porini, siyo wa kwenye sinema.

FundiKitako

Zinapiga mkuu. Kilichoshusha bei si mtutu. Savage tangu ile Model 110 ya mwaka 1958 wanafunga mtutu kwa nati: fundi anauzungusha mpaka chumba cha risasi kifike kipimo, anakaza nati, kazi imeisha. Kiwandani inaokoa muda mwingi na shabaha haipungui. Axis ya kawaida ukiipatia risasi inayoipenda, matundu matatu yanakaa ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100. Moyo na mapafu ya kulungu kwa pamoja ni kama inchi 8. Huko shambani kwenye mashine ya kumwaga mahindi hutapiga mbali kuliko yadi 100, mara nyingi ni chini ya hapo.

Walipobana matumizi ni kwenye kitako, yaani ule mwili wa plastiki unaobeba mtutu. Shika mtutu pamoja na ile sehemu ya mbele ya kitako kwa mkono mmoja, halafu bana. Bunduki nyingi za bei hii plastiki inapinda mpaka inagusa mtutu. Sasa ukiilaza kwenye dirisha la kibanda cha kuvizia, plastiki inasukuma mtutu na risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo nenda na noti ya dola moja. Ipitishe kati ya mtutu na kitako, kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikipita bila kukwama, egemeza bunduki kama utakavyoiegemeza siku ya kuwinda, mwambie muuzaji aipitishe tena. Hapo ndipo nyingi zinaumbuka.

Cha pili ni triga. Axis ya chini kabisa triga yake ni nzito na haikuundwa wewe uirekebishe. Axis II ina AccuTrigger, unaipunguza uzito mwenyewe na unajua inaachia wapi. Tofauti ya bei si kubwa, muulize jamaa alikuwekea ipi, maana majina yanafanana na wauzaji hawana haraka ya kufafanua.

Halafu jaribu na bunduki nyingine, Ruger American, ilitoka 2012 na sasa kuna toleo la pili. Mkono wa kukokia wa Axis unanyanyuka nyuzi 90, wa Ruger ni 70. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, ila ukiwa na glavu na darubini imekaa chini, ndiyo tofauti ya vidole kugonga darubini au kutogonga.

Nairobi_to_Dallas

Boss, kitakachokuangusha si bunduki, ni hiyo darubini ya bure. Nguruwe wanatoka jioni giza likianza kuingia, na hapo ndipo kioo cha bei ya chini kinakuonyesha kivuli tu. Chukua bunduki peke yake, darubini nunua kando. 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40) inatosha kabisa. Angalia Vortex Crossfire II, ama Leupold VX-Freedom ukipata ofa poa.

Na kama mwishowe umechukua hiyo ya pakiti, toa darubini uifunge upya. Hizo huwa zimefungwa haraka haraka, skurubu zimelegea, mtu anamaliza boksi nzima akitukana mtutu.

Sisi kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, so hii kitu nimejifunzia huku huku ukubwani. Usiogope kuonekana mshamba kwa duka. Shika, koki, rudisha, uliza tena.

MzeeWaShabaha

Kijana, wote wanakwambia bunduki, hakuna aliyepiga hesabu. Bunduki peke yake dola 400 na kitu, darubini 150 hivi, kinachobaki ni boksi mbili za risasi, pengine moja. Boksi mbili ni risasi 40. Kuweka zero, yaani kurekebisha darubini mpaka risasi ipige unapolenga, kunakula nyingi tu, tena huwezi kujua mtutu wako unapenda risasi ipi mpaka ujaribu za aina mbili tofauti. Sasa hiyo Tikka ungeilisha nini? Mtu mwenye bunduki ya dola 400 aliyepiga risasi 100 kiangazi kizima atamshinda mwenye ya dola 1,000 aliyepiga tano.

.308 ni chaguo zuri. Ipo tangu 1952 na risasi zake zimejaa kila duka. Ila jua hizi bunduki ni nyepesi, karibu kilo tatu bila darubini, kwa hiyo teke lake begani utalisikia. Ukianza kufumba macho kabla triga haijaachia, hakuna bunduki itakayokuokoa. Kama wife naye atataka kupiga, fikiria saizi za teke dogo, 6.5 Creedmoor au .243. Kulungu wa Texas si wakubwa, .243 inawatosha, lakini dume la nguruwe lina bega gumu, hapo ningependa .308. Magnum, zile risasi za nguvu kubwa zaidi, achana nazo kabisa.

DadaHouston

Naongezea upande wa makaratasi. Dukani utajaza fomu 4473 ya kununua silaha, kisha wanakupitisha kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi yako. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, ila beba na ushahidi wa makazi. Wenye viza za muda, kama za wanafunzi, sheria inawazuia isipokuwa wachache, mmojawapo ni mwenye leseni halali ya kuwinda. Usidanganye swali hata moja, ni kosa la shirikisho. Na asije mshikaji akakuomba umnunulie yeye halafu ujaze jina lako, watu wamefungwa kwa hilo.

Texas, kama umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo, unatakiwa kusoma kozi ya usalama wa uwindaji. Mtu mzima anaimaliza mtandaoni. Nguruwe kwenye shamba la mtu binafsi, mwenyewe akiridhia, tangu 2019 hawahitaji leseni. Kulungu lazima ukate leseni, na ukimpiga unamfunga tagi yake.

MpanganiTX

Shikamoo Mzee. Asanteni sana wote, hii elimu ningeilipia.

Nimerudi dukani na noti yangu. Nimeshika mbili, sitaji ipi ni ipi nisiharibu biashara ya watu. Moja noti imekwama hata kabla ya kuiegemeza, muuzaji mwenyewe kacheka. Nyingine imepita mara zote mbili na mkono wa kukokia ni laini. Nimeweka oda ya hiyo, .308, bila darubini. Tikka nimeiaga.

Swali la mwisho. Mimi Muislamu, nguruwe nitampigia mzee kama msaada wa shamba. Ila kulungu nataka nile. Inakuwaje?

FundiKitako

Bismillah unaisema unapofyatua. Mkimbilie haraka, ukimkuta bado ana uhai mchinje, kwa hiyo kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye gari. Ukimkuta ameshakufa kwa risasi yako, masheikh wengi wanasema ni halali maadamu ulitaja jina la Mungu. Hata hivyo muulize sheikh wa msikiti wako, huku wapo wanaowinda wenyewe na watakupa jibu la mtu aliyefika.

MzeeWaShabaha

Marahaba. Sasa usingoje Novemba. Uwanja wa shabaha wiki moja kabla ya msimu hujaa mpaka foleni, nenda Septemba. Anzia yadi 25 mpaka risasi igonge karatasi, ndipo usogee 100. Piga tatu, acha mtutu upoe, tena tatu. Na uvae kinga ya masikioni, mlio wa hiyo .308 hauna mzaha.