Naomba ushauri: kitanda cha kichanga cha kuunganisha na chetu

Habari zenu wakuu. Mke wangu anakaribia kujifungua, na tunataka mtoto alale jirani naye, ila si kitanda kimoja na sisi. Tumependa kile ambacho upande mmoja unashushwa, kinafungwa kwa mikanda kwenye kitanda kikubwa. Kunyonyesha usiku kunakuwa rahisi. Shida ni kwamba tukikisogeza kinaacha mwanya wa kuingia kiganja, na kichanga anaweza kunasa hapo. Muuzaji anasema tuzibe kwa taulo. Mimi sijaafiki kabisa. Godoro lake ni gumu na bapa, safi. Mito hatuweki, hata bibi yake akinuna.

Mliokitumia, mikanda hailegei? Na mlimhamisha alipoanza kujigeuza, au mlisubiri ajiinue kwa mikono?