Tupeane uzoefu: mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda, injini inanguruma, lakini gari haichanganyi

Baba Neema (Iringa)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikuta na bado linaniuma, nataka kila aliyepitia asimulie la kwake ili mwenzetu mwingine asiingie gharama bure.

Mwezi uliopita nilikuwa napandisha Kitonga na familia, gari otomatiki. Katikati ya mlima nikikanyaga mafuta injini inalia, mshale unaruka hadi 4,000, mwendo unabaki 30. Malori yamejipanga nyuma yangu, watoto wamenyamaza kimya. Nikasogea pembeni, ikapoa nusu saa, ikaenda kidogo, ikarudia. Kwa kuvizia hivyo hivyo tukafika mjini.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisikiliza mlio, akasema gia boksi imekufa, tafuta nyingine. Nikaanza kupiga simu Dar kuulizia bei. Shemeji yangu ndiye aliyenizuia: tupime oili kwanza. Tukaweka gari kwenye tambarare, injini ya moto na inawaka, tukapitisha mkono wa gia kote kisha tukaurudisha P. Stiki ikatoka kavu, ina tone tu nchani. Tukalifuta kwenye karatasi nyeupe: doa jekundu lililofifia, halina harufu ya kuungua. Kuchungulia chini, mpira unaopeleka oili kwenye rejeta unavuja pale kwenye klipu, vumbi limegandia kama ugali. Tukabadilisha mpira na klipu, tukaongeza lita moja na nusu ya oili ya aina iliyoandikwa kwenye stiki, kidogo kidogo huku tukipima. Kitonga nimeshaipanda mara mbili tangu hapo.

Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna sahani za klachi zinazobanwa kwa presha ya oili. Oili ikipungua pampu inavuta hewa, presha inashuka, sahani zinateleza: injini inazunguka, tairi halipati nguvu. Ningeendelea kulazimisha mlima ule, sahani zingeungua na maneno ya yule fundi yangekuwa kweli.

Mama Shamsa (Tanga)

Pole sana kaka. Mimi nina pikapu ya manyuo (gia za mkono), inabeba machungwa kutoka Muheza. Ilianza taratibu, ukiingiza gia ya nne ukakanyaga, mlio unapanda peke yake na harufu ya kuungua inaingia ndani. Kijana wangu aliijaribu hivi: handbreki juu, breki ya mguu, gia ya tatu, akaachia klachi polepole. Injini ilitakiwa izime. Haikuzima. Klachi inateleza.

Tukaweka klachi mpya na wiki tatu baadaye shida ile ile. Niliumia jamani, ile ilikuwa ada ya shule. Waliposhusha gia boksi mara ya pili, sahani mpya imelowa oili chapachapa. Oili sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili ya injini isitoke kwa nyuma) ilikuwa inavuja tangu mwanzo na hakuna aliyeitazama. Kwa hiyo mkishusha gia boksi, mwambieni fundi awaonyeshe ile sili kabla hajarudisha kitu.

Otieno wa Nakuru

Yangu ilikuwa ndogo lakini karibu initoe pesa. Nikiwa 100 kwa saa gari inavuma kupita kawaida, mafuta inakunywa. Makanika akasema gia boksi inateleza. Kumbe mtoto alikuwa amebonyeza kile kidude cha ubavuni mwa mkono wa gia, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na sijaiona. Gia ya juu ilikuwa imefungwa tu. Tazameni dashibodi kwanza.

Fundi Moro

Niongeze la kifundi, maana wateja wengi hulichanganya. Ukikanyaga na mshale unapanda haraka ila mwendo haupandi, tatizo liko kati ya injini na tairi: klachi, gia boksi au shafti. Lakini kama hata mshale wenyewe unapanda kwa kujivuta, gia boksi muiache. Angalia mafuta na hewa: filta, pampu ya mafuta, sensa ya hewa, au masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) yaliyoziba. Juzi nimepokea ya namna hiyo, mwenyewe kaja ameshanunua gia boksi ya mtumba. Nilichomoa sensa ya oksijeni ya mbele ili moshi upate upenyo, tukaijaribu barabarani, ikachanganya. Masega yalikuwa yameziba. Gia boksi yake mpaka sasa iko stoo kwangu.

Na wenye CVT (otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua), nawasihi: msikubali kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida. Mle ndani mkanda wa chuma unashikwa na puli kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Gari nyingine hazina stiki kabisa, kipimo chake kiko kwenye nati ya chini na joto la oili lazima lizingatiwe. Hiyo si kazi ya kukisia.

Kijana wa Kahama

Shikamoo fundi. Yangu imegoma leo hapa nyumbani. Ilitoa mlio kama kitu kimevunjika, sasa D haiendi, R haiendi, ila nikikanyaga mshale wa spidi unapanda kama natembea!

Fundi Moro

Marahaba. Kama spidi inasoma, gia boksi inazunguka, nguvu ndiyo inapotelea njiani. Zima gari, weka mawe kwenye tairi, mulika tochi kwenye shafti zote mbili za mbele. Moja ikikatika, difu (inayogawa nguvu kwa tairi za pande mbili) inapeleka mzunguko wote upande ule uliolegea.

Kijana wa Kahama

Nimeinama sasa hivi. Upande wa kushoto shafti imechomoka kwenye jointi, mpira wake umepasuka, grisi imetapakaa ndani ya rimu yote.