MREJESHO: King'amuzi cha gari la kulala

Wakuu, shikamooni na poleni na majukumu. Niliuliza nichukue Azam au DStv kwa Hiace yetu tunayolala tukitoka Arusha kwenda Karatu na familia. Nimechukua Azam, kwa sababu mzee wangu bila Ligi Kuu hapati usingizi.

Aliyenionya kwamba miti huziba mawimbi ya dishi alisema kweli kabisa. Setilaiti ya Azam iko juu ya longitudo ya nyuzi 7 Mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 36, kwa hiyo huku kwetu dishi linatazama magharibi. Mto wa Mbu tuliegesha chini ya mgunga mkubwa, kivuli kitamu, lakini mstari wa ubora wa mawimbi ukagoma kwenye sifuri. Nikavuta waya wa mita 15 hadi uwanjani, nikakandamiza miguu ya stendi kwa mawe, nikazungusha dishi taratibu, kama unywele tu kila mara. Ghafla mzee akapaza sauti garini: "Hapo hapo, baba, usiguse!" Niliona raha sana.

Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 Mashariki, karibu utosini kwetu, miti ya pembeni haiisumbui. Anayependa kulala porini aifikirie.

Asanteni sana, mlinisaidia mno.