Kipimo kikiwa na shaka, mwanariadha aachiwe?

Mzizima77: Mwaka 2013 mahakama ya michezo, CAS, ilimfutia adhabu Andrus Veerpalu, mwanaski wa Estonia aliyekutwa na homoni ya ukuaji. Majaji walikiri dalili nyingi zinaonyesha alijidunga, ila kiwango cha mwisho kilichowekwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, hakikuthibitishwa sawasawa kitakwimu. Naungana nao. Mwili hutoa homoni hiyo kwa maumbo kadhaa, ya sindano ni umbo moja tu, na maabara hupima uwiano wa maumbo hayo. Bila kupima watu wazima wasiotumia, wa kutosha, huo mstari mmeuchora wapi?

KorongoIten: Na angekuwa Mkenya? Asbel Kiprop, mkimbiaji wetu wa mita 1500, alifungiwa miaka minne.

Mzizima77: Dada, ile ilikuwa EPO, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Haina mpaka wa namba, ikionekana imeonekana.

KorongoIten: Usinifundishe. Nimekimbia miaka sita. Alfajiri mlango unagongwa, unakojoa kikombeni fulana imepandishwa kifuani, mtu amekukodolea macho. Na hiyo EPO yako: mkimbiaji Peter Bol wa Australia, 2023, sampuli A, ya kwanza, ilisema ipo, B, ya kuhakikisha, haikuthibitisha, akasafishwa. Kuna mtu pale maabara anaangalia picha ya kipimo na kuamua kwa jicho lake!

Fundi wa damu: Mnagombana bure. Hata kwa testosteroni, homoni ya kiume, mpaka wa uwiano wake na epitestosteroni, homoni pacha yake mwilini, ulikuwa 6, mwaka 2005 ukashushwa hadi 4. Tena wanaume wengi wa Asia Mashariki wamekosa jeni fulani, hivyo uwiano wao huwa chini sana hata wakidungwa. Ndiyo maana ya pasipoti ya kibiolojia: unalinganishwa na wewe mwenyewe wa jana, si na jirani.

Umurundi: Jirani? Francine Niyonsaba wetu hakudungwa chochote. Olimpiki ya Rio 2016, mita 800 wanawake, alichukua medali ya fedha, Wambui wa Kenya shaba. 2019 wakaambiwa na shirikisho la riadha duniani washushe testosteroni yao ya kuzaliwa chini ya nanomoli 5 kwa lita ya damu, na 2023 ikawa 2.5. Hiyo namba nayo ilitoka wapi?

Mzizima77: Hiyo si doping, ndugu yangu. Tumetoka kwenye mada.

Umurundi: Kwako wewe. Sisi tulimlilia.

KorongoIten: Mzizima, bado hujanijibu: angekuwa Mkenya?

Mzizima77: Kwa ushahidi ule ule, lazima aachiwe.

KorongoIten: Veerpalu alikuwa na wanasayansi wa kwao waliozichambua takwimu za WADA hadi mahakamani. Kijana wa hapa ana kocha na deni la viatu. Atachambuliwa na nani?