Tupeane uzoefu: Bret Hart alikugusaje?

Wakuu, heshima kwenu. Jana nimerudia kutazama pambano la mieleka la Wembley la 1992, Bret Hart wa Kanada na shemeji yake Davey Boy Smith, nikakumbuka kibanda cha video cha mtaani kwetu Tanga. Bret hakuwa jitu la miraba minne. Mtoto wa nane kati ya kumi na wawili, kafunzwa mieleka na mzee wake Stu chini ya nyumba yao huko Calgary. Bret amesimulia kwamba Smith alisahau mpangilio wote waliokubaliana kabla ya pambano, naye Bret akawa anamnong'oneza hatua kwa hatua hadi mwisho, kisha akampa ushindi. Nampenda kwa hilo kuliko mikanda yake yote. Nanyi je?

Mombasa: Mimi ni ile miwani! Kila akienda ulingoni alikuwa anamvalisha mtoto wa mstari wa mbele. Kaka yangu alinikatia yangu kwenye boksi la viatu, nikalala nayo.

Dodoma: Montreal, Novemba 9, 1997. Mpinzani wake Shawn Michaels kamkunja kwa Sharpshooter, mkunjo wa Bret mwenyewe. Bret hajasalimu amri, lakini Vince McMahon, bosi wao wa kampuni ya mieleka ya WWF, kaamuru kengele ipigwe, Bret akapoteza. Tena nyumbani kwao Kanada, baada ya miaka 13 kazini! Niliona kanda ile nikiwa kijana, nikakasirika tu. Nimeielewa ukubwani: nilitumikia mahali miaka tisa, asubuhi moja nikakuta kitasa kimebadilishwa na vitu vyangu viko kwa mlinzi.

Mdau wa Dodoma, pole sana ndugu yangu.

Nakuru: Yangu ni ya mama. Bret alijivunia kutomuumiza mwenzake ulingoni, halafu teke la mwanamieleka mwenzake Goldberg kichwani, Desemba 1999, likamtikisa ubongo. Mwaka uliofuata akastaafu. 2002 akaanguka na baiskeli Calgary, akapata kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Mama alipooza upande huohuo 2009, akawa hataki hata kushikwa mkono. Januari 2010 Bret aliporudi kwenye Raw, kipindi cha mieleka cha runinga, nilimsogeza mama karibu na runinga. Akamtazama anavyotembea hadi ulingoni, kimya. Kisha akauliza, "Huyu naye alipooza?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema, "Nipe ile fimbo."